Jumba la Hardwick na Madirisha Yake

Msomaji, watu wengi wanapohukumu jengo huuliza kwanza kama ni zuri au baya, na wakiisha kupata jibu huona kazi imekwisha. Lakini jengo si ua la kondeni. Jengo lina mtu aliyeliagiza, lina fundi aliyelichora, lina watu waliobeba mawe yake, na lina haja iliyolileta duniani. Mwenye kulihukumu bila ya kuyajua haya ni sawa na hakimu anayekata shauri kwa kuutazama uso wa mshitakiwa tu. Katika insha hii nataka tulitazame jumba moja la Uingereza, liitwalo Hardwick Hall, katika jimbo la Derbyshire. Na katika jumba hilo nataka tutazame zaidi kitu kimoja, yaani madirisha yake. Sikuchagua hivyo kwa kubahatisha. Utukufu wa jumba lile umo madirishani, uongo wake umo madirishani, na maradhi yanayolila siku hizi yameingilia madirishani.

Hardwick iko juu ya kilima, baina ya miji ya Chesterfield na Mansfield. Ujenzi ulianza mwaka 1590, na mwenye nyumba akahamia mwezi wa Oktoba 1597. Ukisimama upande wa magharibi, ambako ndiko mbele ya nyumba, waona umbo rahisi kabisa: mstatili wa mawe wenye orofa tatu, na minara sita inayolipita paa kwa kimo, miwili mbele, miwili nyuma, na mmoja katika kila ubavu. Upande wa kushoto walingana na upande wa kulia kama mtu na kivuli chake katika maji. Mapambo ya ukutani ni machache. Hata ukuta wenyewe ni mchache, kwa maana kinachojaza macho ni vioo, safu juu ya safu, mpaka mtu hujiuliza ni kitu gani kinachoyashikilia yale mawe. Watu wa zamani wa sehemu zile walitunga mzaha juu ya wingi wa vioo hivyo, na mzaha wao wakumbukwa mpaka leo.

Yafaa hapa nimkumbushe msomaji aliyezaliwa katika nchi ya jua kali. Kwetu kivuli ni neema, na dirisha kubwa laweza kuwa taabu. Kule Derbyshire, mwezi wa Desemba, jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na siku nyingi halionekani kabisa kwa mawingu. Mwanga ni mali inayotamaniwa. Na katika karne ya 16 kioo kilikuwa ghali mno: kilipulizwa kwa pumzi ya fundi, kikakatwa vipande vidogo, na vipande vikaunganishwa kwa mikanda myembamba ya risasi, kwa kuwa hapakuwa na ufundi wa kutengeneza kioo kipana. Mwenye Hardwick alikuwa na karakana yake mwenyewe ya vioo, na risasi pia aliipata katika mali yake. Walakini mtu mwingine yeyote aliyepita barabarani akaliona jumba lile likiwaka kwa jua la jioni, alijua bila kuambiwa kwamba mle ndani mna fedha. Miaka mia hivi baadaye, mwaka 1696, serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi kwa hesabu ya madirisha, kodi ambayo haikufutwa mpaka mwaka 1851. Sipati shida kuifikiri furaha ya mtoza kodi alipoifikia Hardwick na daftari lake.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Jina lake Elizabeth, na watu humwita Bess wa Hardwick. Alizaliwa hapo hapo kilimani katika ukoo wa heshima ndogo na mali haba, akaolewa mara nne, na kila ndoa ikampandisha daraja. Mume wake wa mwisho alikuwa Earl wa Shrewsbury, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile. Ndoa hiyo iliharibika kwa magomvi, na Bess akarudi nyumbani kwao Hardwick, akaanza kuijenga upya nyumba ya wazazi wake. Mwaka 1590 mumewe akafa. Nyumba ya kwanza ilikuwa haijamalizika, na Bess alikwisha kupita umri wa miaka sitini, umri ambao wengi hupanga kaburi. Yeye alianzisha jumba jipya hatua chache tu kutoka lile la kwanza. Leo lile la kwanza ni magofu, na yote mawili yangali yakitazamana.

Juu ya minara ya jumba jipya alichongesha herufi mbili kubwa za mawe, E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, na taji juu yake. Zimerudiwa kila mnara, zaonekana kutoka mbali sana. Wako wanaozicheka herufi hizo na kuziita majivuno matupu. Ni kweli kwamba hazina haya. Lakini mwenye kuzicheka na aikumbuke sheria ya Uingereza ya siku zile, ambayo ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mke wake. Mwanamke aliyeweza kumiliki, kununua, kuuza na kujenga kwa amri yake mwenyewe alikuwa hasa mjane. Bess aliandika jina lake angani wakati ambapo sheria ilikuwa haimpi mtu mwingine nafasi ya kuandika lake. Mimi sizioni herufi hizo kuwa nzuri kwa macho, maana zinaivunja ile mistari iliyotulia ya minara. Lakini nikipewa uwezo wa kuziondoa, singeziondoa.

Sasa tumtazame fundi. Ramani ya jumba hili huhesabiwa kuwa kazi ya Robert Smythson, aliyezaliwa karibu na mwaka 1535 na kufa mwaka 1614. Alianza kazi akiwa mwashi, mtu wa patasi na nyundo, akafanya kazi katika jumba kubwa la Longleat, kisha akalisimamia jumba la Wollaton karibu na Nottingham. Katika jiwe la ukumbusho wake kanisani Wollaton ameitwa msanifu wa majengo, neno ambalo siku zile lilikuwa bado geni katika Kiingereza. Michoro yake ingaliko mpaka leo, imehifadhiwa London, na miongoni mwake mna ramani ifananayo sana na ile ya Hardwick. Lakini ramani haijengi nyumba. Madaftari ya malipo ya Bess yamebaki pia, na humo twawakuta mafundi wenyewe: Abraham Smith wa kazi ya lipu, John Balechouse mpaka rangi, Thomas Accres wa kuchonga marumaru. Mawe yalichimbwa hapo hapo kilimani. Hivyo jumba hili kwa kweli limetoka katika ardhi linayoikalia, na rangi yake inakubaliana na udongo wake.

Naja sasa kwenye jambo ambalo kwalo nalihesabu jumba hili miongoni mwa kazi bora za ujenzi katika Uingereza. Tazama tena picha yake, msomaji, nawe uyapime madirisha kwa jicho. Ya orofa ya chini ni mafupi. Ya orofa ya kati ni marefu zaidi. Ya orofa ya juu ni marefu kuliko yote. Jambo hili si pambo. Chini ndiko kulikokuwa na jiko, na ghala, na kazi za watumishi. Kati ndiko alikokaa Bess mwenyewe, alikolala, alikohesabu fedha zake na kupokea watu wa nyumbani. Juu ndiko zilikokuwa kumbi za fahari, zilizowekwa tayari kwa wageni wa daraja kubwa. Kwa hiyo mtu aliye nje, ambaye hajakanyaga kizingiti, aweza kuisoma nyumba nzima kama asomavyo ukurasa: wapi pana kazi, wapi pana maisha, wapi pana fahari. Majengo mengi makubwa huvaa uso usiohusiana na tumbo lake. Hapa uso wasema kilichomo ndani.

Na ndani Smythson aliendeleza maneno yale yale. Katika nyumba za zamani za wakubwa wa Kiingereza ukumbi mkuu ulilazwa kwa urefu sambamba na uso wa nyumba, na mgeni aliingia kwa mlango wa pembeni, kwenye ncha ya ukumbi. Hardwick ukumbi umegeuzwa, ukalazwa kukata nyumba kutoka mbele mpaka nyuma. Mlango ukawa katikati kabisa, na mgeni akiingia hujikuta papo hapo kwenye mhimili wa jengo. Kugeuza ukumbi laweza kuonekana jambo dogo. Ndilo lililowezesha nyumba iwe na uso uliolingana pande zote mbili bila ya kumpotosha mtu ndani. Kisha mgeni huanza kupanda. Ngazi ni za mawe, pana, hazina haraka. Hupinda, hupita penye kiza, hutokea penye mwanga, hupinda tena, na kila orofa mwanga huongezeka, mpaka mgeni afikapo juu awe amekwisha kunyenyekea kabla hajakutana na mwenyeji. Ujenzi uliofanya kazi ya mpiga mbiu!

Lakini ngazi hizo zilipandwa na wengine pia. Chakula kilipikwa chini na kuliwa juu. Siku za karamu watumishi walikibeba kwa maandamano kupitia ngazi zile ndefu, na ni rahisi kuamini kwamba nyama iliyotoka jikoni ikitoa moshi ilifika mezani imepoa. Mwenye kuusifu mpango wa Smythson, kama nilivyousifu mimi, ni lazima aitie katika hesabu miguu ya watu hao. Uzuri wa kupanda huonekana na yule asiyebeba kitu.

Nimesema kwamba madirisha haya yana uongo, na sasa ni wajibu wangu kuuonyesha. Baadhi yake si madirisha. Nje pana kioo, lakini nyuma ya kioo pana ukuta au dohani ya moshi. Mengine kwa nje ni dirisha moja refu, na kwa ndani sakafu yapita katikati yake, hivi kwamba chumba cha chini kimepata nusu na cha juu kimepata nusu. Kwa nini? Kwa sababu ya ule ulinganifu. Ikiwa upande wa kulia una dirisha, upande wa kushoto sharti uwe nalo, hata kama hakuna chumba kinacholihitaji. Dohani nyingi Smythson alizificha katika kuta nene za ndani, na huo ulikuwa werevu mkubwa, kwa maana uliziacha huru kuta za nje zijazwe vioo; lakini zile zilizobaki zilidai mahali pake, naye akazifunika kwa kioo.

Wahakiki hawapatani katika jambo hili. Wako wasemao jengo lisiseme uongo hata kidogo, na wako wasemao kwamba macho nayo yana haki zake. Msomaji anayejua ushairi wetu ataufahamu ugomvi huu mara moja. Mtunzi akikosa neno la kukamilisha kina, hutia neno lisilo na kazi katika maana, ili ubeti usimame. Wasikilizaji husamehe mara moja, husamehe mara mbili. Mara ya tatu hunong'onezana. Hukumu yangu ni kwamba Smythson hakufika mara ya tatu. Dirisha lenye dohani nyuma yake halimdhuru mtu. Lile lililokatwa na sakafu ni kosa, maana amkaaye chumbani hupewa dirisha lisilomtosha ili apitaye barabarani afurahi. Kosa hilo liko, nalo ni la mwenye kuagiza na la mwenye kuchora pia.

Tukifika orofa ya juu, tunaingia katika ukumbi uitwao Ukumbi Mkuu wa Juu. Sehemu ya juu ya kuta zake imezungukwa na mkanda mpana wa lipu iliyochongwa na kupakwa rangi: msitu, wanyama, uwindaji, na Diana, mungu wa kike wa mawindo katika hadithi za Kirumi, ameketi na watu wa baraza lake. Chini ya mkanda huo pametundikwa vitambaa vizito vilivyofumwa picha za safari za Ulysses, kazi ya mafundi wa Brussels. Vitambaa hivi vilinunuliwa mwaka 1587, miaka mitatu kabla ya jumba kuanzishwa, na ukumbi ukatungwa kwa kukifuata kimo chake. Jambo hili mhakiki asilipite mbio. Katika nyumba nyingi kuta hujengwa kwanza, kisha hutafutwa cha kuzifunika. Hapa kitambaa ndicho kilichoamuru ukuta.

Juu ya meko ya kuotea moto mna nembo ya Malkia. Ukumbi wote ni salamu kwa Elizabeth wa Kwanza. Naye hakuja. Alifariki mwaka 1603 asiikanyage Hardwick, na salamu zile zikabaki zimeelekezwa mlangoni. Aliyekaa humo alikuwa Arbella Stuart, mjukuu wa Bess, msichana ambaye damu yake ilimpa haki ya kufikiriwa kwa kiti cha ufalme, na kwa ajili hiyo hiyo bibi yake alimweka chini ya ulinzi mkali. Arbella aliichukia hali hiyo, akajaribu kujinasua. Alikufa mwaka 1615 akiwa mfungwa katika Mnara wa London. Madirisha makubwa yaliyotengenezwa ili ulimwengu uione nyumba, kwake yalikuwa ya kuutazama ulimwengu asioweza kuuendea.

Upande wa mashariki, kwa urefu wote wa jumba, kuna Ukumbi Mrefu, wenye zaidi ya futi 160. Watu wa siku zile walitembea humo mvua iliponyesha. Ukuta wake mmoja umefunikwa na vitambaa 13 vyenye hadithi ya Gideoni wa Biblia, kila kimoja na kimo cha futi 20 hivi. Bess alivinunua mwaka 1592, kuta zikiwa bado zinapanda, kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, kwa paundi 326 na shilingi 15 na peni 9. Lakini kwa kuwa vilikuwa na nembo ya Hatton, alidai apunguziwe paundi 5, kisha akaifunika nembo ile kwa nembo yake mwenyewe. Namtaja kwa jambo hili kwa kuwa lafafanua jumba kuliko maneno yangu mengi: fahari yote ile ilihesabiwa mpaka peni ya mwisho.

Bess alifariki mwaka 1608. Vizazi vyake wakawa Maduke wa Devonshire, nao waliipenda zaidi nyumba yao nyingine, Chatsworth, iliyo katika jimbo lilo hilo. Chatsworth ikabomolewa na kujengwa upya kwa kufuata mitindo mipya. Hardwick ikasahauliwa. Kusahauliwa huko ndiko kulikoiokoa, maana hakuna aliyejisumbua kuitengeneza kwa mtindo mpya. Mwaka 1950 Duke wa kumi akafa, na kodi ya urithi ikafikia asilimia 80 ya mali. Ili kuilipa, ukoo uliitoa Hardwick kwa serikali mwaka 1956, na mwaka 1959 ikakabidhiwa National Trust, chama kinachotunza majumba na ardhi za kale. Mtu wa mwisho wa ukoo kukaa humo alikuwa Bibi Evelyn, mjane wa Duke wa tisa, aliyeishi humo mpaka mwaka 1960, na ambaye kwa miaka mingi alivishona vitambaa vile kwa mkono wake. Sasa jumba limo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kwa sheria, na hakuna awezaye kuligeuza bila idhini.

Na hapa ndipo ulipo ugonjwa niliotaja. Jua hula rangi ya kitambaa, huukausha uzi hata ukatike. Jumba lililojengwa ili kukusanya mwanga limekuwa adui wa vitu vilivyomo ndani yake. Kazi ya kuvisafisha na kuvishona vile vitambaa 13 vya Gideoni ilichukua miaka 24, ikaisha mwaka 2023. Watunzaji hawataki kuirudia upesi. Kwa hiyo madirisha yameteremshiwa mapazia, na mgeni wa leo hutembea katika Ukumbi Mrefu penye utusitusi.

Je, wamefanya vema? Wako wanaonung'unika kwamba kitambaa kimepewa haki kubwa kuliko jengo, na kwamba kuyafunika madirisha ya Hardwick ni sawa na kuiziba ngoma ngozi yake. Nayaheshimu manung'uniko hayo, ila siyakubali. Kama vitambaa vingekuwa vyombo vya kawaida, ningesema viondolewe, vitiwe kabatini, na mwanga uachiwe uingie. Lakini tumeona kwamba vilitangulia kuliko ukuta wa Ukumbi Mkuu, na kwamba katika Ukumbi Mrefu vilikuja wakati mmoja na mawe. Ni sehemu ya jengo. Ukiviondoa umevunja nyumba kama vile umeng'oa sakafu. Nalilaumu jambo jingine: kwamba mgeni aweza kutoka mle akidhani Smythson alijenga ukumbi wa kiza, wala asijue kwamba alichokiona ni nusu tu ya kazi ile.

Kwa hiyo msomaji, ukijaliwa kufika Derbyshire, usiishie ndani. Tazama vitambaa kwa saa watakazokuruhusu, kisha utoke, ulizunguke jumba, usimame upande wa magharibi jua likiwa limeshuka. Mapazia hayaonekani sana kutoka pale. Hesabu vioo kutoka chini kwenda juu, nawe uone vinavyoshika moto kimoja kimoja, na vile vyenye dohani nyuma yake vikiwaka sawasawa na wenzake.